I ya Kiswahili au i ya Kiingereza?

Tangu Kiingereza kirudi darasa la kwanza katika shule za msingi za Serikali hapa Tanzania, ubishi wetu umekwama kwenye hesabu ya miaka. Wapo wanaosema mtoto wa miaka sita bado mchanga, asubiri darasa la tatu kama ilivyokuwa. Wengine wanasema tumechelewa mno, kwa kuwa watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza wanaanza wakiwa na miaka mitatu na wa kwetu wanabaki wanakodoa macho. Vijiweni, kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, swali ni hilo hilo: lini. Mimi naona tunagombea kalenda wakati tatizo liko ubaoni. Mtoto aanze na miaka sita, aanze na tisa, kitu cha kwanza anachopewa hakibadiliki: wimbo wa majina ya herufi, ei bii sii dii. Anaukariri kwa wiki mbili, mzazi anafurahi, mwalimu anaweka vema kwenye andalio la somo, na hakuna anayegundua kwamba mtoto hajafundishwa kusoma hata neno moja. Jina la herufi ya Kiingereza na sauti yake ni vitu viwili. Kwa mtoto anayetoka kwenye Kiswahili, kumpa jina kabla ya sauti ni kumnyang'anya mtaji aliokuja nao shuleni, na kosa hilo halirekebishiki kwa kusogeza somo mbele wala nyuma.

Kwa ambao hawakufuatilia, safari yenyewe imekuwa ya kwenda na kurudi. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, Kiingereza kikabaki somo. Mtaala ulioanza mwaka 2015 ulielekeza nguvu zote za darasa la kwanza na la pili kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na Kiingereza kikaambiwa kisubiri darasa la tatu. Kisha ikaja Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 1, 2025, pamoja na mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa Januari 2024. Humo Kiswahili kimebaki lugha ya kufundishia elimu ya awali na msingi, na Kiingereza kikarudi kuwa somo tangu darasa la kwanza. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kilichopita kimya kimya ni jambo ambalo mtaala wa 2015 ulikuwa umelipatia: mtoto wa KKK alianza na sauti. Mwalimu aliyepitia mafunzo yale anajua kwamba m hutamkwa kwa kufumba midomo, mmm, kwamba m ikikutana na a inazaa ma, na ma mbili zikishikana ni mama. Sasa mwalimu huyo huyo, mbele ya watoto hao hao, kipindi kikigeuka kuwa cha Kiingereza anafungia sauti kabatini na kutoa wimbo.

Tuziangalie herufi zenyewe, maana hapa ndipo penye nyama. Kiingereza kina herufi 26. Kati ya hizo, 18 zinawakilisha sauti ambazo mtoto wa Kiswahili anazo tayari kinywani: b, d, f, g, h, j, k, l, m, n, p, r, s, t, v, w, y na z. Hazilingani kwa asilimia mia. B yetu huvuta pumzi kidogo kwa ndani na r ya Mwingereza ni laini kuliko yetu, lakini kwa kusomea zinatosha. Aliyeshaweza kusoma "kuku" na "meza" anaweza kuzihamisha karibu zote bila kufundishwa upya. Sasa sikiliza kinachotokea ukimpa majina badala ya sauti. Bii, dii, jei, kei, pii, tii, vii na zedi zinambeba, kwa sababu sauti inayotakiwa ndiyo inayotangulia. Hizo ni nane tu. Efu, eli, emu, eni na esi zinaficha sauti nyuma ya e. Jii inamwambia kwamba g ni j. Jina la h, kwa Mwingereza, halina h hata ya dawa. Dabliu inaanza kwa d. Wai, ambayo ni y, inaanza kwa w. Na r, kwa matamshi ya Uingereza tunayofundishwa kuyaheshimu, inaitwa "aa", ambayo kwa sikio la Kiswahili ni herufi nyingine kabisa. Rebecca Treiman, mtafiti wa Marekani aliyelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, alionyesha kwamba hata watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza hujifunza sauti ya b upesi kuliko ya w au h, na wapo wanaodhani y hutoa sauti ya w, kisa ni jina lake. Ikiwa mwenye lugha anajikwaa hapo, mgeni je?

Irabu ndizo zenye ajali kubwa. A inaitwa ei, e inaitwa ii, i inaitwa ai. Jioni moja nilikuwa namsaidia mpwa wangu wa darasa la kwanza kazi ya nyumbani, nikamwambia andika i. Akashika penseli, akaniangalia: "Anko, i ya Kiswahili au i ya Kiingereza?" Nilipofungua kurasa za nyuma za daftari nikaelewa. Neno "bibi" alikuwa ameliandika "bebe", mwalimu akalikata kwa wino mwekundu bila maelezo. Mtoto hakuwa mzembe. Asubuhi aliambiwa mlio wa i unaandikwa kwa kijiti chenye nukta, mchana akaambiwa mlio huo huo ni jina la herufi yenye tumbo lililofungwa nusu, na jioni akaadhibiwa kwa kuwaamini watu wazima wote wawili. Kiswahili hakina lawama hapa. Herufi hizi zilitoka Kilatini, na kwa muda mrefu Waingereza nao walizitamka kwa namna iliyokaribiana na yetu, a ikiwa a na i ikiwa i. Kati ya miaka ya 1400 na 1700 irabu zao ndefu zikahama: a ya zamani ikasogea kuwa ei, e ikapanda kuwa ii, i ikawa ai. Bahati mbaya William Caxton alikuwa ameshaleta mtambo wa kuchapa Uingereza mwaka 1476, kwa hiyo tahajia ikaanza kuganda wakati vinywa bado viko safarini. Wamisionari wa karne ya 19, akina Ludwig Krapf upande wa Mombasa na Edward Steere upande wa Zanzibar, walipokiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi walizipa irabu thamani ile ya Kilatini. Kwa hiyo mtoto wa Tandika anayesoma a, e, i, o, u yuko karibu zaidi na Mwingereza wa miaka 600 iliyopita kuliko alivyo Mwingereza wa leo. Jambo la kuchekesha, ila haliwasaidii watoto kama mwalimu hajalijua.

Nenda ukaitazame chati ya ukutani, ile ya plastiki inayong'aa ambayo wamachinga huining'iniza begani msimu wa kufungua shule. A ina picha ya tufaha, na darasa zima linaimba "ei fo epo". Mtoto amepewa sauti tatu kwa pumzi moja: ei ambayo ni jina, e ambayo ndiyo anayoisikia kwenye neno, na a ambayo ndiyo anayoiona kwa macho ya Kiswahili. I ina aiskrimu, kwa hiyo herufi inatoa jina lake badala ya sauti ambayo mtoto ataikuta kwenye maneno mafupi atakayoyasoma mwanzo. U ina mwavuli, ambao kwa Kiingereza unaanzia kwenye kitu kinachofanana na a. G ina twiga, mnyama wetu wa taifa kabisa, lakini kwa Kiingereza twiga anaanza kwa sauti ya j. X ina ala ya muziki iitwayo xylophone, ambayo sijawahi kumwona mtoto wa mtaani kwetu akiipiga, na jina la ala hiyo linaanza kwa sauti ya z. Aliyechora chati alikuwa anatafuta picha nzuri. Hakuwa anafikiria sikio la mtu yeyote, achilia mbali la mtoto wa Kiswahili, na bado chati hii ndiyo mtaala halisi wa Kiingereza cha awali katika vyumba vingi vya madarasa.

Wanaotetea majina yaanze wana hoja ya kupimwa. Tangu miaka ya 1960 tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba mtoto anayeingia shule akijua majina ya herufi huwa na nafasi kubwa ya kuwa msomaji mzuri baadaye. Uhusiano huo ni wa kweli. Lakini mtoto huyo mara nyingi ametoka kwenye nyumba yenye vitabu, kuna mtu aliyempakata akamwonyesha herufi kwa kidole usiku baada ya usiku. Majina ni dalili ya malezi hayo. Anayevaa viatu vya ngozi kila asubuhi mara nyingi ana ajira, ila ukimvalisha viatu hivyo asiye na kazi hujamwajiri. Watafiti wa huko huko walilijaribu hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970: wakawafundisha watoto majina matupu, kisha wakawapa maneno ya kusoma, na majina peke yake hayakuwasogeza. Wengine husema mbona Waingereza huanza na sauti, Wamarekani huanza na majina, na wote wanasoma? Ni kweli, na watafiti waliowalinganisha waliona watoto wa kila upande wakitumia kile walichofundishwa kubahatisha kile wasichofundishwa. Sahau jambo moja tu na hoja hii itakushinda: watoto wa pande zote mbili tayari wanakijua Kiingereza. Akiona c-a-t akabahatisha, ana paka kichwani anayemsubiri. Wa kwetu hana paka huyo. Anajifunza herufi na neno na maana kwa mpigo, na jina la herufi ni mzigo wa nne.

Majina yana kazi yake, nisieleweke vibaya. Sisiemu, tivii, dijei, emsii wa harusi, gari "namba dii" linalotangazwa mtandaoni: haya yote ni majina ya herufi za Kiingereza yaliyohamia kwetu zamani na kupewa uraia. Ukitaja jina lako kwa simu na mtandao ukawa mbovu utajikuta unasema "b ya baba, m ya mama". Kutaja tahajia na kutafuta neno kwenye kamusi vyote vinadai majina. Ni kazi za mtu ambaye tayari anasoma.

Upande wa pili wapo waliochukia majina hadi wakayapiga marufuku: sauti tu, hadi mtoto asome. Hawa niko nao karibu, lakini nao wanatereza mahali pawili. Kwanza, Kiingereza kina takriban sauti 44 zilizojibana ndani ya herufi 26, kwa hiyo herufi moja hubeba sauti nyingi. C ni k kwenye "cat" na s kwenye "city". A ya "cat", ya "cake", ya "car" na ya "call" ni nne tofauti. Mwalimu akitaka kumweleza mtoto kwamba kitu kile kile kimebadili sauti, lazima awe na namna ya kukitaja, na kitu pekee kisichobadilika ni jina. Jaribio la Shayne Piasta na wenzake, lililochapishwa mwaka 2010 Marekani, lilionyesha kwamba kufundisha jina pamoja na sauti kulisaidia kuliko kufundisha sauti peke yake, hasa kwa herufi ambazo jina limebeba sauti ndani yake. Hilo linaafikiana na hesabu yetu ya juu: bii na dii zinaweza kuja mapema bila madhara, wai na dabliu zisubiri. Irabu ndizo zisubiri zaidi ya zote, hadi mtoto akutane na e ya mwisho isiyotamkwa, ile inayogeuza "cap" kuwa "cape" na "pin" kuwa "pine". Hapo a inasema ei, i inasema ai, na jina la irabu linalipa deni lake lote kwa siku moja.

Pili, sauti zikifundishwa vibaya ni balaa kuliko majina. Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, na ulimi wetu haupendi kuiacha konsonanti ikining'inia. Mwalimu akitamka c-a-t kwa kupachika irabu kila mahali, ka, a, ta, mtoto mwenye akili ataunganisha vizuri kabisa na kukujibu: kata. Hajakosea hata kidogo, amesoma ulichomwambia. Kutamka t kavu, pumzi tu bila irabu nyuma yake, ni ufundi unaohitaji dakika kumi za mafunzo na wiki kadhaa za kujisikiliza. Programu ya sauti ikipelekwa shuleni bila dakika hizo kumi, baada ya mwaka watasema sauti zimeshindwa, turudi kwenye wimbo.

Kuna hoja ya tatu, iliyo dhaifu kuliko zote na yenye nguvu kuliko zote mtaani: kwamba Kiswahili kisitajwe kabisa kwenye kipindi cha Kiingereza kwa sababu kitamchanganya mtoto. Ndiyo hoja iliyoandikwa kwenye vibao vya mageti ya shule nyingi za kulipia. Nimeshaonyesha kwamba konsonanti 18 zinaingia na mtoto mlangoni. Ongeza ch na sh. Ongeza th na dh, ambazo Mfaransa na Mjerumani huzitolea jasho: aliyezoea kutofautisha "thamani" na "dhamana" anazo sauti zote mbili ambazo Kiingereza huziandika th, ile ya "think" na ile ya "this". Ongeza ng' ya ng'ombe, inayokaa mwisho wa "sing". Wenzetu wengi wa bara husema "samani" na "zahabu", kwa hiyo mwalimu ana kazi kidogo hapo, lakini hata kazi hiyo ni ya Kiswahili kwanza.

Kuna na hazina nyingine ambayo sijaona mwongozo wa mwalimu ukiitumia. Makuli wa bandarini, mafundi wa gereji, madereva na wapishi wa enzi za ukoloni walikipokea Kiingereza kwa masikio, bila chati. Walichosikia wamekiacha kwenye Kiswahili, kimehifadhiwa kama sauti kwenye kanda. "Bus" ni basi. "Jug" ni jagi, "plug" ni plagi, "bulb" ni balbu, "pump" ni pampu, "club" ni klabu. Mara sita mfululizo u fupi ya Kiingereza imekuwa a. "Bag" ni begi na "bank" ni benki, kumbe a fupi ya Kiingereza inakaa jirani na e yetu. "Box" ni boksi, "socks" ni soksi, o imebaki o. "Pin" ni pini, "fridge" ni friji, i imebaki i. "Pen" ni peni. Tayari una jedwali la irabu fupi za Kiingereza, lililotungwa na watu wa kawaida, ambalo kila mtoto wa miaka sita analijua kabla hajafika shule. Tazama na mwisho wa maneno: baada ya sauti za midomo limewekwa u, kama kwenye klabu, balbu na pampu, kwingine i, kama kwenye begi, jagi na boksi. Ndiyo sababu hata majina ya herufi tunayaita efu na emu kwa u, lakini esi na eksi kwa i. Mwalimu anayelijua hili anaweza kumwambia mtoto "Mwingereza anasema jagi, ila anaikata i ya mwisho", na mtoto atacheka na kukata. Jedwali lina mipaka yake, sikatai. "Bad" na "bed" zitasikika sawa kinywani mwa mtoto huyu hadi sikio lake linolewe, na sauti ya katikati ya "shirt", ambayo tuliifanya shati, haina makazi kwetu. Ni ngazi ya kupandia, ghorofani atafundishwa mengine.

Kwa nini basi wimbo unashinda? Tusiwabebeshe walimu lawama nyepesi. Wimbo wa majina unaweza kuwafundisha watoto 100 waliobanana kwenye chumba kimoja, bila kitabu, bila karatasi, na mwalimu akapumzika koo. Kelele zake zinasikika hadi ofisi ya mwalimu mkuu na zinafanana na kujifunza. Una hata mfupa wake wa kuchekesha: pale katikati unapokimbia, watoto humeza eli emu eni ou pii kuwa kitu kimoja, elemenopi, na wapo wanaomaliza mwaka wakiamini hiyo ni herufi moja yenye jina refu. Mwishoni kuna ugomvi wa zedi na zii, kwa kuwa video za Marekani kwenye simu ya mama zinasema zii na mwalimu anasema zedi. Sauti hazina unafuu huo. Mwalimu hawezi kujua kama mtoto ametamka t kavu au "ta" mpaka amsogelee na kumsikia mmoja mmoja. Kwa maneno mengine, majina ni njia ya bei nafuu, na bei nafuu hushinda palipo na uhaba. Kenya ilipoupeleka mpango wa Tusome katika shule za umma nchi nzima mwaka 2015, vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza vilipangwa kwa kufuata sauti za herufi, lakini vilikwenda pamoja na kitabu kwa kila mtoto, mwongozo wa mwalimu wa siku kwa siku, na maofisa waliotembelea madarasa wakiwa na tableti mkononi. Anayetaka kuchukua sehemu ya sauti na kuacha hizo nyingine asishangae akivuna kata badala ya cat.

Hii ina maana gani kwa darasa la kwanza la sasa? Maana ya kwanza ni ya mpangilio. Hakuna sababu ya kuanza na A eti kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwenye wimbo. Madarasa mengi ya Uingereza huanza na s, a, t, i, p, n, kwa kuwa herufi hizo sita zinazaa maneno mengi mafupi: sit, pin, tap, nap, tin. Jaribu hizo hizo kwa Kiswahili uone: pita, sita, tisa, sina, pana, pasi, pini. Mwalimu mmoja, ubao mmoja, wiki moja, lugha mbili, na "pin" imekaa ubavuni mwa pini. Maana ya pili ni ya ratiba. Mtoto ambaye bado hajaweza kuunganisha ma na ma kwa Kiswahili hana biashara na herufi za Kiingereza. Azungumze, aimbe, aamkie, aagize maji kwa Kiingereza cha mdomo, na kalamu ifuate Kiswahili kikishasimama. Hapo wote wawili kwenye ubishi wa miaka wanapata wanachotaka, Kiingereza kimeanza darasa la kwanza na kusoma kwa Kiingereza kumesubiri kidogo. Maana ya tatu ni ya upimaji, na hapa sisi wazazi ndio wakosaji wakuu. Mgeni akija tunamwita mtoto sebuleni, "hebu mwimbie shangazi ei bii sii", na tunapiga makofi. Uingereza tangu mwaka 2012 hupima watoto wa mwaka wa kwanza kwa maneno 40, nusu yake ya kubuni yasiyo na maana yoyote, ili aliyekariri asipate pa kujificha. Mzazi anaweza kufanya hivyo hivyo kwa penseli na karatasi: andika "tup", andika "nim", usiseme kitu, subiri. Anayesoma atasoma. Aliyekariri atauliza picha iko wapi.

Nilimfanyia hivyo mpwa wangu, baada ya kuacha majina kwa muda na kucheza na sauti mezani. Niliandika "jug". Akaanza j, akaganda kwenye u. Nikamwambia Waingereza hapo husema kama a. Akaunganisha, akageuka kuangalia meza: "Kumbe jagi!" Akataka jingine, nikampa "bus", akalimaliza kabla sijanyanyua penseli. "Mud" akalisoma bila kujua ni tope. Kwa kiburi cha mwalimu aliyefaulu nikamwandikia "put", akasoma pat kwa ujasiri wote. Nikamwambia hapana, hilo ni put, u yake ni u ya Kiswahili. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akauliza ni nani aliyepanga hivyo. Nikamwambia tule kwanza.